Samaki wanakufa usiku, vipimo vya maji ni safi, matumbawe yanachanua: nini kinawaua?

MwaniMwekundu

Wakuu, habari zenu. Naomba mnisaidie kufikiri, maana mimi nimegonga mwamba.

Nina tangi la maji ya chumvi, lita 450 ukihesabu pamoja na tangi la chini. Limevuka miaka miwili na muda wote huo halikuwahi kunisumbua. Upande mmoja kuna matumbawe laini, upande wa pili juu ya mawe kuna Acropora, matumbawe magumu yenye matawi, zinazokua hadi nimeanza kuzipunguza matawi. Samaki walikuwa anthia watano, kangaja wa njano mmoja, klauni wawili na gobi mmoja anayeishi shimo moja na kamba wake.

Sasa wanakufa. Alianza anthia dume, yule mkubwa. Jioni alikula vizuri, asubuhi nikamkuta kalala juu ya mchanga, mdomo wazi, mashavu yametanuka. Baadaye kidogo akafuata anthia mwingine, hali ileile. Kisha kangaja. Huyo ndiye aliyeniuma zaidi, kwa sababu alikuwa anakuja kioo kila nikipita na kunifuata kutoka kona hadi kona. Hakuna aliyekuwa na doa. Mapezi hayakuchanika, macho hayakuvimba, tumbo halikuingia ndani. Rangi zilikuwa zimekoza kama za samaki mzima.

Nikabadilisha theluthi moja ya maji na kuweka mkaa wa kuchujia mpya. Vifo vikakoma. Nikasema basi, kulikuwa na sumu na imetoka. Nikangoja wiki kadhaa, nikaleta anthia wapya watatu. Walikula siku ileile ya kwanza. Haukupita muda, asubuhi moja mmoja kafa, halafu mwingine. Nikabadilisha maji tena, vifo vikakoma tena. Yaani ugonjwa unaosikia amri.

Vipimo, ili msinirudishe kuviulizia: joto nyuzi 26, chumvi 1.025, amonia sifuri, naitraiti sifuri, naitreti 8, fosfeti 0.05, ualikali dKH 8.5, pH 8.2. Nimepima kwa vifaa vya kampuni mbili tofauti, nikampa na mwenzangu maji akapima kwa vyake. Majibu yaleyale.

Na kinachonivuruga zaidi: kila kisicho samaki kiko hai. Kamba msafishaji yupo, konokono wapo, kaa wa makombe wapo, Acropora zinatoa vidole vyake usiku bila wasiwasi. Klauni na gobi nao hawajaguswa.

Jambo moja zaidi, sijui kama linahusu. Usiku taa zikizima nasikia mlio ndani ya tangi, kama mtu anavunja kijiti kikavu. Mume wangu anasema kuna kitu kinaishi mle kwenye mawe na ndicho muuaji.

daktari_wa_mapezi

Pole sana dada. Bila kuzunguka: hiyo ni velveti, ugonjwa wa kidudu kiitwacho Amyloodinium ocellatum. Watu husubiri mpaka waone lile vumbi la dhahabu mwilini, wakati kidudu chenyewe huanzia kwenye mashavu. Samaki anaweza kufa kabla ngozi haijaonyesha chochote. Kala jioni, kafa asubuhi, mashavu yametanuka, umeleta wapya nao wakaenda. Inalingana.

Nijibu haya. Kabla ya kufa walikuwa wanapumua mbiombio? Walisimama mbele ya pampu ya mkondo, uso umeelekea maji yanakotoka? Walikuwa wanakwepa mwanga?

Ukisema ndiyo, samaki wote watoke leo, waingie tangi la karantini lenye dawa ya shaba, na tangi kubwa likae bila samaki wiki 6. Ukitaka kuondoa na madoa meupe, Cryptocaryon irritans, wengi wetu tunakwenda siku 76. Na shaba usiimwage kwenye tangi la matumbawe hata muuzaji akiapa kwa jina la mama yake kwamba yake ni salama. Itaua kamba na konokono, na inayobaki itajificha kwenye mawe ikutese baadaye.

Tupa_Nyavu

Kamba mantisi huyo! Mlio usiku, samaki wanakufa usiku, mna mashaka gani tena? Toa mawe moja moja umwage maji ya chumvi kali kwenye matundu, atatoka mwenyewe.

Bi_Chumvi

Tupa_Nyavu, taratibu, usimfanye dada wa watu abomoe tangi la miaka miwili kwa sababu ya mlio.

Kamba mantisi anapiga au anachoma. Samaki aliyeuawa naye anakuwa na jeraha, au hapatikani kabisa, au kinapatikana kichwa. Hawa wamekutwa wazima mwili mzima. Isitoshe, mantisi asingeacha konokono na kaa, hicho ndicho chakula chake. Na huo mlio, dada Mwani, umeshautaja mwenyewe bila kujua: gobi wako anaishi na kamba. Ukimwangalia vizuri huyo kamba utakuta mkono mmoja mkubwa kuliko mwingine. Ni kamba bastola, na kufyatua ndiyo kazi yake. Mwambie shemeji atafute mshukiwa mwingine.

Shaba nayo iondoeni kwenye orodha. Ingekuwa shaba au dawa ya wadudu iliyopeperuka kutoka chumba kingine, kamba na konokono wangetangulia, samaki wangefuata. Hapa ni kinyume. Sumu inayochagua anthia na kangaja ikamruka kamba msafishaji mimi siijui.

Umeme unaovuja: zima kila kitu uangalie nyaya za hita na pampu, dakika chache tu, halafu tusiuzungumzie tena.

Swali langu ni la mchanga. Una kina gani? Umeuchimbua karibuni? Ukiuchokoza unatoa harufu ya mayai viza?

FundiPampu

Nimesoma yote mara mbili. Daktari anaweza kuwa sahihi, simpingi bado. Lakini kuna kitu kimepita mbele ya macho yetu sote: hakuna samaki hata mmoja aliyefia mchana.

Velveti haina saa. Inaua usiku, inaua saa sita mchana, inaua unapowalisha. Kitu kinachoua alfajiri tu, na kinachoanza na samaki wakubwa wenye mbio, mimi kwanza ninakiuliza habari za oksijeni.

Maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye nyuzi 25 na chumvi ya bahari ya kawaida, maji yaliyoshiba hewa yana takriban miligramu 6.7 kwa lita. Maji yasiyo na chumvi kwa joto hilohilo yana kama 8.2. Kwa hiyo unaanza na akiba ndogo. Mchana mwani na matumbawe vinatengeneza oksijeni, tangi linashiba hata kupita kiasi. Taa zikizima vyote hivyo vinageuka kuwa walaji: matumbawe yanapumua, mwani unapumua, bakteria kwenye mawe wanapumua, samaki wanapumua. Kinachoingia usiku ni kile tu kinachopita juu ya uso wa maji na kwenye skima ya povu, kile chombo kinachochanganya hewa na maji ili povu litoe uchafu. Saa kumi na moja alfajiri ndipo mfuko unakuwa mtupu kabisa, na wewe unaamka saa kumi na mbili.

Anthia hakai chini. Anaogelea kutwa kwenye mkondo na injini yake inataka hewa nyingi. Kangaja vilevile. Klauni anajibanza pembeni, gobi yuko shimoni kwake hana haraka. Na matumbawe yasikudanganye kwa kuchanua: ndani ya matawi ya Acropora baharini oksijeni hushuka sana kila usiku na wamezoea hivyo tangu hapo. Kuna gobi wanaolala humo katikati ya matawi na wanastahimili hali ambayo ingemmaliza anthia.

Sasa nataka yafuatayo. pH ya 8.2 uliipima saa ngapi? Tangi lina kifuniko, cha wavu au cha kioo? Uso wa maji ni safi au una utando wa mafuta? Kuna kitu chochote unachotia kwenye maji usiku kwa pampu ya dozi? Na skima: sitaki kujua kama inanguruma. Tafuta kile kibomba chembamba kinachovuta hewa, weka kidole kwenye mdomo wake. Kidole kikinyonywa na sauti ya skima ikabadilika, hewa inaingia. Usipohisi kitu, hiyo ni pampu ya kuzungusha maji tu.

MwaniMwekundu

Asanteni sana, najibu wote kwa pamoja.

Daktari: kupumua mbiombio sijaona. Jioni nawalisha nikiwa nimekaa mbele ya kioo, wako sawa, hawakimbii mwanga, hawasimami mbele ya pampu. Mmoja wa waliokufa, kangaja, nimemhifadhi kwenye friza kama atafaa kwa uchunguzi.

Bi_Chumvi: mchanga ni sentimita tatu tu, haunuki. Na kamba ana mkono mmoja mkubwa. Mume wangu amepokea taarifa kwa masikitiko.

Mzee FundiPampu, pH nilipima saa mbili usiku, taa zikiwa bado zinawaka. Vipimo vyangu vyote kwenye daftari ni vya saa hizo, baada ya kazi. Kifuniko ni cha kioo, kiliwekwa baada ya anthia mmoja kuruka. Uso wa maji una utando mwembamba kwenye kona ya nyuma, mbali na pampu.

Usiku natia siki. Naitreti zilikuwa zimepanda mwaka jana, ndipo nikaanza kuwalisha bakteria wanaopunguza naitreti siki nyeupe ya kawaida ya asilimia 5, mililita 25 kwa siku. Aliyenifungia pampu ya dozi aliipanga saa sita usiku, zote kwa mkupuo, ili isigongane na dozi za ualikali za mchana. Imefanya kazi vizuri, naitreti zilishuka.

Skima. Nimeweka kidole. Hakuna kitu. Nikatoa kibomba chote: pale kinapoungana na pampu kumeganda chumvi nyeupe, tundu lililobaki hata sindano ya kushonea haipiti. Nilikuwa nimeona kikombe cha skima kinachelewa kujaa.

FundiPampu

Dada, kabla hujaenda kulala leo hamisha siki hadi asubuhi. Kibomba kiloweke kwenye maji ya moto yasiyo na chumvi. Kisha soma hesabu hii, kaa nayo taratibu, maana sikutegemea mimi mwenyewe ingetoka hivi.

Tangi lako lina lita 450. Likishiba hewa, miligramu 6.7 mara 450 ni takriban gramu 3 za oksijeni. Hiyo ndiyo akiba ya tangi zima, gramu tatu.

Siki ya asilimia 5, mililita 25, ina kama gramu 1.25 za asidi yenyewe. Bakteria wakiiunguza asidi hiyo yote, kila gramu moja inadai oksijeni ya gramu moja na ushee. Kwa hiyo dozi yako ya saa sita usiku inaweza kudai hadi gramu 1.3. Karibu nusu ya akiba yote, na inadaiwa saa ambayo hakuna taa, hakuna mwani unaotengeneza, na matumbawe nayo yanavuta kutoka mfuko huohuo. Tuseme bakteria hawaiunguzi yote, nyingine wanajengea miili yao, sawa. Kata hesabu kwa nusu. Bado ni deni kubwa kwa usiku mmoja.

Skima ikiwa inavuta hewa, deni hilo linalipwa bila wewe kujua. Ndiyo maana wanaotia siki huambiwa wawe na skima nzuri: inatoa bakteria waliozaliana, na inarudisha hewa. Yako ilikuwa inalipa mwaka mzima. Chumvi ikaganda kidogo kidogo, malipo yakapungua, na kifuniko cha kioo na ule utando vikaziba mlango mwingine. Kifuniko peke yake kisingeua mtu.

Halafu nina swali la mwisho, na jibu lake ndilo ninalolitaka zaidi. Unapobadilisha maji, pampu ya siki unaiacha iendelee?

MwaniMwekundu

Naizima. Kila nikibadilisha maji mengi naisimamisha siku kadhaa ili nione naitreti zimesimama wapi, ndipo naiwasha tena.

Subiri.

FundiPampu

Ndiyo. Mkaa ulipata sifa za bure.

Ona mtiririko. Samaki wanakufa, unabadilisha maji, na siki inasimama. Usiku ule hakuna deni, hakuna kifo. Unasema sumu imetoka. Siki inarudi, lakini sasa wenye injini kubwa wameshapungua, waliobaki wanahitaji kidogo, tangi linavuka alfajiri kwa taabu lakini linavuka. Unaona wiki zimepita, unaleta anthia watatu, mahitaji yanapanda, wanaanguka. Na hapo kila mtu, mimi nikiwemo, anaelekeza kidole kwa wageni: wameleta ugonjwa. Hata ungeweka mwarobaini kwenye tangi lile siku ile ungeapa kwamba ndio uliotibu, kwa sababu kila dawa unayoitia baada ya samaki kupungua inaonekana imeponya.

Lakini haya ni maneno yangu tu mpaka upime. Pima pH saa kumi na moja alfajiri kabla taa hazijawaka. Tafuta na kile kipimo cha oksijeni cha matone, usitegemee pH peke yake. pH inashuka hewa ya kaboni ikizidi, na hewa ya kaboni inaweza kuzidi kwa sababu tu chumba kimefungwa na watu wamelala humo, huku oksijeni ikiwa ya kutosha. Ukitaka kuvitenganisha, chota maji ya tangi kwenye glasi, yapulizie hewa ya chumbani kwa jiwe la hewa saa moja, upime pH. Glasi nyingine uipeleke nje, fanya vilevile. Zote mbili zikipanda sana, tangi halipumui. Ya nje ikipanda na ya ndani ikakwama, chumba ndicho kina tatizo.

Siki ya usiku wa leo na kesho isitiwe, lakini usiku mmoja wa kupima nataka hali iwe ileile ya zamani, hata kibomba na chumvi yake, kwa hiyo usikiloweke kwanza. Weka jiwe la hewa karibu, na uwe macho.

daktari_wa_mapezi

Hesabu ni nzuri, mzee, naikubali. Lakini niruhusuni niwe mkorofi kidogo.

Anthia mwenye mashavu mazima anaweza kuvumilia usiku mbaya. Anthia mwenye mashavu yaliyoliwa hawezi. Huenda oksijeni ndiyo iliyomsukuma, na kuna mwingine aliyekuwa amemsogeza ukingoni: velveti, au minyoo ya mashavu, ambayo ikiwa bado imejishika kwa samaki ni vigumu kuiona kwa macho. Mkiishia kwenye skima mtaacha nusu ya kesi.

Yule kangaja wa friza, dada, mtupe. Vidudu vingi vinaondoka mwilini samaki akishakufa, na barafu inaharibu nyuzi za mashavu. Sampuli ya maana ni ya samaki aliyekufa sasa hivi, au anayekata roho: kata kipande kidogo cha shavu, tone la maji ya tangi, chini ya hadubini. Velveti utaiona kama vifuko vya duara, vya kahawia, vimejishika kwenye nyuzi.

Ukileta wengine, karantini kwanza. Na wakiingia, wazamishe kwenye maji yasiyo na chumvi dakika 5, joto na pH vikilingana na ya tangi lao, bakuli la rangi nyeusi chini. Minyoo hugeuka myeupe na kudondoka. Hapo utajua bila hadubini.

Bi_Chumvi

Kwenye hili niko na daktari, kasoro kwa jambo moja: msimharakishe awatoe klauni na gobi kwa kuwatia shaba wakati hawana dalili. Waangaliwe tu. Shaba nayo si maji ya kunywa.

MwaniMwekundu

Nimerudi na namba.

Usiku wa kupima nilikaa kwenye kiti mbele ya tangi, taa imezimwa, tochi nyekundu mkononi. Siki iliingia saa sita. Kibomba cha skima nilikuwa nimekirudisha na chumvi yake, kama mzee alivyosema. Saa mbili usiku pH ilikuwa 8.22 na oksijeni ilisimama kwenye 7. Saa saba hakuna cha ajabu. Saa tisa yule anthia mmoja wa wageni aliyebaki akapanda juu. Hakuwa anavuta hewa ya nje, alikaa tu sentimita chache chini ya uso, pale pampu inapovunja maji, na mashavu yakawa yanakwenda kasi. Klauni hawakujali. Saa kumi na moja kasorobo nikapima: pH 7.66. Matone ya oksijeni niliyahesabu na kurudia kwa sababu sikuamini, mara zote mbili rangi ilikubali kwenye 4.

Nikatia jiwe la hewa. Katika nusu saa anthia akashuka, na taa zilipowaka akaja kula kana kwamba hakuna lililotokea. Ningeamka saa yangu ya kawaida na jiwe lile halipo, nadhani ningemkuta juu ya mchanga.

Glasi mbili: ya ndani ilipanda hadi 8.05, ya nje 8.2. Kwa hiyo chumba kina mchango kidogo, tangi ndilo lenye shida.

Sasa kibomba ni safi, skima inavuta kidole. Siki nimeigawa mara tano kuanzia taa zinapowaka hadi alasiri, hakuna tone baada ya hapo. Kifuniko cha kioo kimeondoka, badala yake ni wavu. Pampu moja nimeielekeza juu hadi uso wa maji unatetemeka wote, utando umeisha. Alfajiri ya jana: pH 7.98, oksijeni kati ya 6 na 6.5.

Daktari, hoja yako nimeibeba. Huyu anthia hana dalili, anakula, hajikuni. Kamba msafishaji anamhudumia kila siku na yeye anatulia. Sitaleta samaki mwingine mpaka karantini iwe tayari, na bakuli jeusi nimeshalipata.

Swali kwa mzee: taa ya chumba cha mwani kule chini inawaka saa zilezile na taa kubwa. Niigeuze iwake usiku?

FundiPampu

Igeuze. Mwani ukiwa na mwanga usiku unatengeneza oksijeni na kula hewa ya kaboni wakati wa juu wamelala. Usitegemee miujiza, itakupa kidogo, lakini kidogo cha alfajiri kina thamani.

Kibomba kisafishe kila mwezi, usingoje kikombe kikuambie. Kidole unaweza kuweka hata kila siku unapowalisha, hakigharimu kitu. Na nunua pampu ya hewa ya betri, ile inayowaka yenyewe umeme ukikatika. Tangi lenye matumbawe mengi hivyo na siki juu yake, umeme ukizima saa nane usiku, utakuwa na saa chache tu.

Tupa_Nyavu

Kwa hiyo mantisi hayupo?

Bi_Chumvi

Hayupo, Tupa. Rudisha mawe.